Mtumbwi wa zamani unazidi kupasuka: nizibe kwa lami au epoksi? Ushauri wa haraka tafadhali

Kasia_Moja
Wakuu, habari za muda huu. Niende moja kwa moja. Nina mtumbwi wa zamani, wa gogo moja, si wa mbao za kuunga. Nilipoupata ulikuwa mzima, hauna hata tundu. Nikauanika juani ukauke vizuri ndipo niuzibe, sasa kila nikiamka nakuta nyufa mpya. Zinazokwenda kwa urefu sijali sana, ila kuna nyingine zinakata kwa upana, mpaka ubavu mmoja umegawanyika vipande vidogo vya mraba. Lami ninayo ndoo nzima. Jamaa mmoja ananiambia lami ni ushamba, nitafute epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu. Kipi kinadumu? Jibuni haraka maana kuna mtu anausubiri. Matusi kaeni nayo.

MzeeWaTezo
Kijana, lami inazuia maji, sikatai. Lakini ukishaipaka, hakuna rangi wala gundi itakayoshika tena juu yake. Jua likiwaka inalainika, inashika nguo za kila anayekaa. Na weusi wake unavuta joto, mbao ya chini inazidi kukauka.

Sisi tulikuwa tunakalafati. Unasokota pamba, unailowesha mafuta, unaigongea ndani ya ufa kwa patasi butu, taratibu, usiishindilie. Mbao ikinywa maji inavimba na ufa unajibana wenyewe. Ukijaza kitu kigumu ufa ukiwa umeachama, siku ya kushusha majini mbao inavimba, haina pa kwenda, inapasukia pembeni. Nilimwona mtu kaziba kwa saruji. Saruji ilibaki nzima, mtumbwi ndio ulioharibika.

DadaVanishi
Epoksi ni nzuri, ila haitaki mbao mbichi. Wengi wanataka unyevu wa mbao uwe chini ya asilimia 12, la sivyo inabanduka kama ilivyo. Na jua linaila, kwa hiyo juu yake lazima upake vanishi yenye kinga ya jua.

Halafu nyie wa kulowesha mafuta, kama ni ya kitani, tambara ulilofutia usilikunje ukalitupa kwenye kona. Linapata joto lenyewe mpaka linashika moto. Jirani yangu wa karakana alirudi akakuta pipa la taka linafuka moshi na hakuna aliyewasha kitu. Litandaze likauke, au litumbukize kwenye maji.

Chekibobu
Mtumbwi wa mraba mraba? Paka nyeusi na nyeupe, tucheze drafti.

Msafiri_Chombo
Mimi ningeangalia wadudu kwanza. Wale watoboaji wa baharini watu wanawaita minyoo, kumbe ni jamii ya chaza. Nje unaona tundu la kupitisha sindano, ndani mbao yote ni mifereji. Wanaishi maji ya chumvi, ndiyo maana baba yangu mdogo alikuwa akipandisha ngalawa mchangani, anaiacha ikauke, wanakufa, ndipo anaipaka upya. Mimi kazi yangu ilikuwa kukwangua magamba tumboni mwa chombo. Malipo namdai hadi leo, na kila tukikutana ananiuliza nitaoa lini.

FundiRanda
Kasia_Moja, kabla ya lami na epoksi. Mbao ya kawaida ikikauka hupasuka kufuata nyuzi zake. Huo mkato wa upana haunipi raha. Niambie: ndani ina rangi gani? Ukibonyeza kwa kucha inakuwaje? Na ulikuwa wapi kabla haujafika kwako?

Kasia_Moja
Inahusiana vipi na lami? Ni nyeusi. Kucha inaingia ndiyo, na kuna maji yanachuruzika kidogo. Ni unyevu tu, ndiyo maana nauanika.

FundiRanda
La mwisho hujajibu.

Kasia_Moja
Haya. Maji ya mto yalipopungua niliona ncha imejitokeza kwenye tope la ukingoni. Tukachimba na vijana, tukautoa. Ulikuwa umefukiwa wote. Hauna mwenyewe, wazee wote niliowauliza hawaujui. Sikuiba. Na msianze kunihubiria, mteja ameshatanguliza hela, anautaka autundike mapokezi hotelini kwake. Hauendi majini tena. Nataka kitu cha kuubana na kuufanya ung'ae, basi.

FundiRanda
Uondoe juani sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Mbao iliyokaa topeni muda mrefu imeshaliwa ndani kwa ndani na bakteria. Unaiona nzima kwa sababu maji yamejaa mahali palipokuwa na nguvu yake. Maji yakitoka haraka, kuta za ndani zinaporomoka, mbao inasinyaa, inakatika vile vimraba. Hakuna gundi ya kurudisha hilo. Lami itafungia unyevu kwa ndani, epoksi haitashika.

Ile meli ya Vasa ya Sweden ilizama 1628, ikaopolewa 1961. Walikaa wakiinyunyizia polietileni glikoli, aina ya nta inayoyeyuka majini, kuanzia 1962 hadi 1979, ili iingie mahali pa maji. Miaka 17, na baada ya hapo wakaikausha polepole. Wewe unataka ndoo moja.

Tandaza magunia juu yake, yalowe maji safi, funika plastiki kila upande, weka kivulini. Usisugue tope lililobaki kwa brashi. Kisha wapigie watu wa makumbusho. Nchi nyingi zina sheria kwamba kitu cha kale kikifukuliwa kinaripotiwa, na kukiuza ni kosa.

Mama_Busara
Hapa ndipo tunapojimaliza wenyewe. Mababu walichonga kwa jasho, wajukuu wanatundika ukutani wageni wapigie selfi. Pesa imetupofusha.

Kasia_Moja
Mababu wa nani, mama? Wakati uko topeni hakuna aliyeulilia. Nisingeuchimba ungeozea kule kule.

FundiRanda
Usingeoza. Chini ya tope hewa haifiki, na vijidudu vinavyoozesha mbao haraka vinahitaji hewa. Nigeria mwaka 1987 mfugaji akichimba kisima alikutana na mtumbwi, ule wa Dufuna. Umri wake ni kama miaka 8,000. Ungekuwa wa kuozea kule, angekuta nini?

Mpinga_Chai
Wakuu, hii ni chai, tena imetiwa sukari. Mleta uzi kajiunga leo. Kaanza na "wa zamani", mara topeni, mara hotelini. FundiRanda naye ana miaka na tarehe mkononi kama alikuwa amejiandaa. Picha hakuna. Kesho kutwa mtaona tangazo: unauzwa mtumbwi wa miaka 8,000, bei maelewano. Hawa ni mtu mmoja ana akaunti mbili.

Chekibobu
Mimi nimeshaanza kutafuta ukuta wa kuutundikia.

FundiRanda
Ningekuwa namtafutia soko, ningemwambia mteja kwamba kuuza ni kosa?

Mpinga_Chai
Ndiyo mbinu yenyewe. Kitu cha magendo kina bei.

MzeeWaTezo
Mpinga, nimechonga mitumbwi kabla hujajua kuogelea. Mtu anayetunga angesema tu "umepasuka". Hilo la kucha kuingia na maji kuchuruzika hulipati ukiwa umelala kitandani. Kijana, kwa ndani unaona alama za tezo?

Kasia_Moja
Zipo. Upande wa shetri, kule nyuma, zimepangana fupi fupi, unaona kabisa mahali mchongaji alipogeuza mkono. Upande uliopasuka zimeshapotea.

MzeeWaTezo
Zilizobaki zipige picha leo, mwanga utokee ubavuni ndipo zinajitokeza. Weka kiberiti pembeni tujue ukubwa. Na pale mlipochimba msirudi na majembe, huenda na kasia lipo.

Mpinga_Chai
Kiberiti na karatasi yenye jina la uzi huu. Nikiona nitaomba radhi hadharani.

Kasia_Moja
Picha nitaweka, simu inaishiwa chaji. Magunia nimeshaweka na maji nimemwaga. Ila hela ya mteja sirudishi leo wala kesho, nyie mnaongea tu, mimi ndiye ninayejulikana kwake. Na upande wa omo, kule mbele, nilishapaka lami kabla ya kuleta uzi. Si ilikuwa kidogo tu, nilikuwa najaribu. Ile inatolewa kwa kutumia kitu gani?

DadaVanishi
Kumbe ulikuwa unauliza kitu ulichokwisha kufanya!

FundiRanda
Iache ilivyo. Usikwangue, usiguse kwa petroli wala mafuta ya taa. Mbao hiyo ni laini kuliko lami yenyewe, utaondoka na vyote viwili. Funika omo kwa magunia kama kwingine. Ukiwapigia watu wa makumbusho, hilo la lami liseme mwanzoni kabisa, kabla ya kuwaeleza ulivyouokota.