Tupeane uzoefu: faili ya hosts inapokataa kuzuia matangazo

Fundi wa Mwembe Tayari
Assalaam aleikum wadau, na wengine habari zenu. Uzi huu ni wa waliojaza faili ya hosts kwenye kompyuta ili waue matangazo, kisha matangazo yakabaki pale pale yakiwacheka. Wengi wetu hapa Mombasa twanunua bando, na video ya tangazo inayojianzisha yenyewe huila kabla hujaisoma habari uliyoifuata.

Kwa mgeni: hosts ni faili ya maandishi matupu ambayo kompyuta huiangalia kabla ya kwenda kuuliza DNS (huduma ya mtandao inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya nambari), mfano wa kijidaftari cha nambari kinachowekwa kando ya simu. Ukiandika humo 0.0.0.0, nafasi, kisha jina la seva ya matangazo, brauza ikiitafuta seva ile haifiki kokote. Jambo lenyewe ni kongwe. Kabla ya Paul Mockapetris kuibuni DNS mwaka 1983, kompyuta za ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, zilitegemea faili moja ya aina hii iliyotunzwa na SRI, taasisi ya utafiti, kule California.

Orodha za kunakili zipo tele: ya Steven Black, ya Dan Pollock, ya Peter Lowe. Tusigombanie ipi bora. Kwenye mashine ninazoletewa, orodha huwa haina kosa. Ama faili haisomwi kabisa, ama yasomwa lakini anayeulizwa njia ni mwengine.

Naanza mimi. Kijana wa chuo kaniletea laptopu, asema kabandika maelfu ya mistari na hakuna kilichobadilika. Nafungua C:\Windows\System32\drivers\etc, naona hosts mbili, jina moja. Windows hairuhusu majina mawili sawa kwenye folda moja, kwa hiyo moja yadanganya. Tazama safu ya aina: moja imeandikwa "File", nyengine "Text Document". Hiyo ya pili ni hosts.txt, ila Windows imekificha kile kimkia cha .txt. Notepad ndiyo iliyokiongeza. Tena alikuwa hakuifungua kwa "Run as administrator", basi ikakataa kuhifadhi mle, akahifadhi kwengine na kuiburuta. Niliwasha kwanza kuonyesha vimkia vya majina, nikaiondoa ile tupu, hii nikaipa jina hosts bila chochote nyuma yake. Akafungua gazeti lake papo hapo, kurasa nyeupe peee.

Bi Madera, Kongowea
Yangu ni kinyume, ilizuia kupita kiasi. Mpwa wangu alinisafishia kompyuta ya dukani, nikamshukuru. Wiki hiyo hiyo nikawa kila nikitafuta kitu Google na kubofya jibu la juu, napata "This site can't be reached". Ya chini yafunguka, ya juu yagoma. Nikasema intaneti imeharibika, nikazima ruta, nikawasha, wapi!

Kumbe yale majibu ya juu ni ya kulipiwa, na ukiyabofya wapitishwa kwanza kwenye googleadservices.com ndipo ufike dukani kwa mtu. Jina hilo limo kwenye orodha. Mpwa aliweka alama ya # mwanzo wa ule mstari, mambo yakatengemaa. Mimi mwenyewe natangaza madera mtandaoni, siwezi kuwa kipofu wa matangazo ya wenzangu.

Fundi wa Mwembe Tayari
Bi Madera, hiyo ndiyo faida ya #. Mstari haufutwi, wanyamazishwa tu. Ukiutaka tena waitoa.

Mwalimu wa Tudor
Naomba watu waache kupima hosts kwa nslookup, ile amri ya kuulizia anwani ya jina. Kila mara naona mtu ameandika nslookup ad.doubleclick.net, kapata anwani halisi, kahitimisha kwamba faili haifanyi kazi, kaanza kuifumua upya. Nslookup huenda moja kwa moja kwa seva ya DNS, faili yako haiitazami hata kidogo. Tumia amri ya ping. Ikijibu 127.0.0.1, yaani kompyuta yako mwenyewe, au ikikataa kwa sababu ya 0.0.0.0, faili yasomwa, tafuta mchawi kwengine. Baada ya hapo andika ipconfig /flushdns ili Windows isahau anwani za zamani, kisha funga brauza yote, si ukurasa mmoja, maana nayo hukumbuka majina ilikoyapata.

La pili, andiko lenyewe. Wanafunzi wangu huandika http:// mbele ya jina, au huweka nyota, *.doubleclick.net, wakidhani watoto wote, yaani majina yote yanayoishia hivyo, watazuiliwa. Hosts haijui nyota. Kila jina lataka mstari wake kamili. Na ukihifadhi kwa Notepad angalia pale chini pa "Encoding": ukichagua UTF-16 faili nzima yawa kama haipo.

Baharia wa Likoni
Kwenye saiba fulani nilikofanya kazi, hosts zilikuwa sawa kila mashine, ping yajibu vizuri, matangazo yamejaa. Nikamaliza asubuhi nzima nakagua faili isiyo na hatia. Sababu ilikuwa proksi, yaani seva ya kati inayoleta kurasa kwa niaba ya brauza. Brauza ikishawekewa proksi, yaipa jina zima la tovuti, na proksi ndiyo inayokwenda kutafuta anwani. Faili ya kwako haiulizwi. Dawa ni kuizuia kwenye proksi yenyewe.

Na hivi viongezi vya VPN ya bure wanavyovipenda vijana ndani ya Chrome, vingi ni proksi tu iliyovaa jina jengine. Zima kiongezi, jaribu tena, ndipo uite fundi.

Mkodi wa Nyali
Mimi matangazo yaliondoka, nafasi zao zikajaa kitu cha ajabu. Kwenye tovuti moja kuukuu isiyo na https, kila kisanduku cha tangazo kiliandika "Object not found!" kwa herufi kubwa. Nikacheka peke yangu. Orodha niliyoitumia ilielekeza kila jina 127.0.0.1, yaani kompyuta yangu mwenyewe, na kwenye kompyuta yangu XAMPP, programu ya kuigeuza kompyuta kuwa seva ya wavuti, ilikuwa inafanya kazi. Tangazo likaja kubisha hodi kwa Apache yangu (seva iliyomo ndani ya XAMPP), Apache ikajibu kwa adabu kwamba haina kitu hicho.

Badilisha zote ziwe 0.0.0.0, kwa "Replace All". Ila usiuguse ule mstari wa localhost (jina la kompyuta yenyewe), huo uache 127.0.0.1.

Ami wa Bamburi
Kuna anayetumia mashine ya zamani? Orodha kubwa ilinifanyia kompyuta nzito, kila ukurasa wafikiri kwanza.

Fundi wa Mwembe Tayari
Ami, ni ile huduma ya Windows iitwayo DNS Client, husongwa na faili kubwa mno. Zamani tulikuwa twaizima. Kwenye Windows 10 kitufe chake kimefifishwa, na kukilazimisha kupitia rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, huleta balaa jengine. Chukua orodha fupi, au weka majina mpaka tisa kwenye mstari mmoja baada ya 0.0.0.0 moja, Windows yakubali.

Dada wa Kisauni
Nipanue kidogo, maana hosts haichezewi na sisi peke yetu. Mteja alilalamika kuwa antivairasi yake haijisasishi, na tovuti ya kampuni yake haifunguki. Nafungua hosts, naona maelezo ya kawaida ya Windows juu, chini weupe mtupu. Nilitaka kuifunga. Kilichonishtua ni kile kibao cha kuteremshia pembeni: kilikuwa kidogo kama punje, na faili yaonekana ya mistari michache. Nikabonyeza Ctrl+End, nikatua chini kabisa, na huko ndiko yalikokuwa majina yote ya kampuni za antivairasi yameelekezwa 127.0.0.1. Kirusi kiliweka mistari mitupu mamia ili usishuke.

Kama faili ni safi na bado mambo ni yale yale, fungua regedit, kihariri cha rejista, uangalie DataBasePath chini ya Tcpip\Parameters. Hapo ndipo Windows inapoambiwa folda ya hosts iko wapi, na virusi vyengine huigeuza hiyo, ukawa wahariri faili isiyo na kazi.

Na msishtuke Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, ikisema HostsFileHijack. Tangu 2020 hutoa onyo hilo ikikuta umezuia seva za Microsoft zinazokusanya taarifa. Ukiikubalia isafishe, yairudisha faili kama ilivyozaliwa, orodha yote yaenda. Weka nakala pembeni kwanza.

Baharia wa Likoni
Ctrl+End naiba hiyo, dada.

Ami wa Bamburi
Nimefupisha orodha, imekuwa nyepesi, ahsante mwanangu. Sasa YouTube mbona bado yaleta matangazo?

Fundi wa Mwembe Tayari
Hiyo hosts haiwezi, Ami. Tangazo na video zatoka kwenye majina yale yale ya googlevideo.com. Ukiyazuia, na kaswida zako wazikosa.