Mrejesho: Land Cruiser mkonga iliyokuwa inatetemesha usukani

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza hapa kuhusu Land Cruiser HZJ75 yangu ya zamani: ikigonga shimo kwenye mwendo wa 70, usukani unatetemeka mpaka nisimame kabisa.

Nilianza kwa kubadilisha shokapu ya usukani kwa kuwa ndiyo nafuu. Wiki mbili tu, mtetemo ukarudi. Aliyenijibu kuwa shokapu inaficha ugonjwa tu alikuwa sahihi; ubishi wangu umenila hela.

Ndipo nikafuata ule ushauri wa kuinua mbele kwa jeki, kushika tairi juu na chini na kulitikisa huku mtu amekanyaga breki. Likacheza vilevile hata breki ikiwa imeishika habu (kitovu cha gurudumu), kumbe si beringi za habu. Nikafungua nako zote mbili (viungo vya mwisho wa ekseli vinavyogeuza tairi). Beringi za chini za kingipini (pini za juu na chini ambazo nako hugeukia) zilikuwa zimechimbika vishimo! Nimeweka mpya zote nne, shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) nikazirudisha kila moja mahali pake, kisha nikapima ugumu wa kugeuza kwa mizani ya ndoano niliyoazima kwa muuza samaki (bado inanuka grisi, ameninunia). Mwezi sasa, 90 barabara ya vumbi, usukani umetulia.

Kilichoshindikana: upande wa kushoto bado unavujisha mafuta ya difu kuingia kwenye nako. Sili ni mpya, lakini shafti imelika mfereji pale sili inapokaa. Natafuta shafti nyingine.

Asanteni sana, hasa mzee aliyenitajia kingipini.