Hosti "bila kikomo" ni upigaji mtupu, na domeni zetu wamezikalia

Wakuu, salaam.

Leo acha niongee maana nimefika shingoni. Kazi yangu ni kuwatengenezea wenye maduka na famasi mifumo ya mauzo na stoo. Si mifumo ya kutisha: kaunta kadhaa, programu ya PHP na hifadhidata ya MySQL, bosi akiwa nyumbani anafungua simu anaona mauzo ya siku. Mteja wangu mmoja wa jumla pale Kariakoo alikuwa ameshalipia hosti (nafasi ya kukodi kwenye seva, mfumo unapokaa mtandaoni) ya mwaka mzima kabla hatujafahamiana, kwa kampuni moja ya hapa hapa Dar. Kifurushi kimeandikwa kwa herufi kubwa: DISKI BILA KIKOMO, TRAFIKI BILA KIKOMO. Bei wameiweka kwa dola, utadhani kanuni za 2025 zilizokataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni hazikuwahusu wao.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, duka limefurika wateja wa mikoani, mizigo iko mlangoni inasubiri kupandishwa kwenye gari, kaunta zote zinaganda kwa mpigo. Kosa 508: kikomo cha rasilimali kimefikiwa. Kikomo! Kwenye kifurushi kisicho na kikomo! Na risiti za TRA zinatoka kwa VFD (programu ya kutoa risiti za kodi bila mashine) iliyounganishwa na mfumo huo huo, kwa hiyo hata kuuza kwa daftari ni kutafuta kesi. Mwenye duka ananipigia mimi, si wao, kwa sababu mimi ndiye sura anayoijua.

Nawaandikia, jibu linakuja baada ya saa kadhaa: "Mpendwa mteja, tovuti yako inatumia rasilimali kupita kiasi, tafadhali pandisha kifurushi." Naangalia kifurushi cha juu, nacho kimeandikwa bila kikomo. Sasa napanda kutoka wapi kwenda wapi?

Kwa ambao hawajui mchezo ulivyo. Seva hizi za kuchangia, nyingi zimefungwa CloudLinux, mfumo endeshi wa kugawa seva kwa wateja wengi, na kila akaunti inapimiwa CPU (nguvu ya kuchakata), RAM (kumbukumbu ya kazi), na idadi ya maombi, yaani kurasa zinazoitwa kutoka kwenye seva, yanayoweza kuingia kwa wakati mmoja. Fungua cPanel, ukurasa wa kusimamia hosti yako, tafuta sehemu ya matumizi ya rasilimali, utaiona namba ya maombi. Ya kwetu ilikuwa 20. Kwa tovuti ya kanisa au ya saluni, 20 inatosha na chenji inabaki. Kwa mfumo ambao kila kaunta inauliza stoo kila baada ya sekunde chache, ripoti moja nzito ya mwisho wa mwezi ikichelewa kumaliza, maombi yanarundikana nyuma yake na mlango unafungwa. Hapo diski haijaguswa hata robo.

Kuna na ya pili wanayoificha zaidi: idadi ya mafaili. Kila risiti ya PDF, kila barua pepe, kila picha ya bidhaa inahesabiwa. Unaweza kuwa umetumia gigabaiti tatu tu na bado seva ikagoma kuandika faili jipya. Hiyo "bila kikomo" yao maana yake ni kwamba kikomo hawakukitaja kwenye tangazo, kipo kule chini kwenye masharti ambayo hakuna mwenye duka anayesoma.

Sikatai biashara yao kuwa na mipaka. Seva ni mashine, ina mwisho. Ninachokasirikia ni kumuuzia mtu wa mfumo wa mauzo kitu cha kuwekea kurasa tano za tangazo, huku unajua kabisa anachokuja kukifanya, maana alikwambia.

Haya, tukaamua kuhama. Naomba bakapu (nakala ya akiba) ya usiku, ile "bakapu ya kila siku bure" waliyoitangaza. Kumbe inakaa kwenye seva ile ile! Diski ikifa, vinakufa vyote viwili. Jamani, Machi 10, 2021 jengo la seva la SBG2 la OVHcloud, kampuni ya hosti ya Ufaransa, liliungua kule Strasbourg, dunia nzima ya hosti ikashuhudia, na mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille ikaiamuru kampuni hiyo imlipe fidia mteja ambaye bakapu aliyoilipia ilikuwa kwenye jengo hilo hilo. Sisi tunarudia yale yale kama vile habari haikufika huku.

Sasa ndipo nikakutana na kubwa zaidi. Domeni ya duka, yaani anwani yake ya mtandaoni inayoishia .co.tz, imesajiliwa kwa jina la kampuni ya hosti. Barua pepe ya msajiliwa ni yao, simu ni yao. Ni sawa na mwenye fremu akupangishe, halafu leseni ya biashara yako aiandike jina lake. Naomba msimbo wa kuihamishia domeni kwa msajili mwingine, naambiwa nilipe kwanza "gharama za kuachia", ambazo hazipo popote kwenye ankara waliyompa mteja. Mtu kalipa domeni yake kwa pesa yake, imeandikwa kwenye vifungashio, kwenye kadi, kwenye kibao cha duka!

Najua wapo wa kuja kusema "chukua VPS (seva pepe ya peke yako), acha kulia". Tayari nimechukua, mfumo unapumua, bakapu inakwenda kwa mtoa huduma mwingine kabisa na nimeijaribu kuirejesha. Lakini VPS inataka mtu wa kuifunga viraka na kuamka usiku, na mwenye famasi ya Tandika hana mtu huyo. Wa "weka Ulaya, ni rahisi" nao wakumbuke Mei 12, 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya nje ikawa ya kuomba Mungu. Na famasi ina taarifa za wagonjwa. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 ina masharti yake kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi. Halafu hata hao wanaojiita seva za nyumbani, fuatilieni IP, namba ya anwani ya seva. Ya kwetu hii "ya Dar" ilikuwa Ujerumani.

Wauzaji mliomo humu, najua mmo: wekeni hapa chini idadi ya maombi, RAM na idadi ya mafaili ya kila kifurushi chenu, na mseme bakapu zinakaa wapi. Namba tu, sitaki brosha.

Na mkuu yeyote aliyewahi kung'oa .co.tz mikononi mwa msajili aliyeiandika jina lake, anieleze alianzia wapi na alipeleka vielelezo gani. Risiti za malipo ninazo, leseni ya biashara ninayo. Domeni inaisha muda mwezi ujao, na barua ya kukumbusha itawafikia wao.