Mrejesho: stadi za M6 zilizokuwa zinang'oka

Wakuu, nilileta hapa suala la mashine ndogo ya kuchomelea stadi (vijiti vya chuma vyenye nyuzi, kama bolti isiyo na kichwa) kwa umeme unaohifadhiwa kwenye kapasita: stadi za M6 (nyuzi za milimita 6) kwenye bati la milimita 2 zilikuwa ziking'oka zikigongwa nyundo. Asanteni sana. Dawa ilikuwa arthi mbili (vibanio vya waya unaorudisha umeme kwenye mashine), moja kila upande wa bati, baada ya kupiga grenda rangi hadi chuma king'ae. Cheche sasa zinaruka sawa pande zote. Awali zilielemea upande mmoja. Stadi ya majaribio naikunja kwa kipande cha bomba, inapinda bila kuachia. Bati lililopakwa zinki bado linasumbua, baadhi ya stadi zinang'oka. Na mliosisitiza kuzima mashine na kusubiri kapasita iishiwe chaji kabla ya kugusa mdomo wa bunduki ya kuchomelea, Mungu awabariki. Miwani na viziba masikio tunavaa.