Mjadala: Je, serikali ya jimbo ipigwe marufuku kuwa na nakisi ya bajeti?

Mtoa hoja:

Katika nchi za shirikisho, kila msimu wa bajeti unapofika hurudi dai lile lile, kwamba waziri wa fedha wa jimbo anayesoma makadirio yenye nakisi ameshindwa kazi, na kwamba dawa ni kuandika katika katiba kuwa jimbo halitatumia zaidi ya linachokusanya. Naleta hoja hii hapa kwa sababu naipinga, na ningependa wanaoiunga mkono wanijibu.

Tuelewane kwanza juu ya neno lenyewe. Nakisi ni kiasi ambacho matumizi yote ya mwaka yanayapita mapato yote, yaani kodi na ada za jimbo lenyewe pamoja na mgawo na ruzuku za serikali kuu, bila kuhesabu mikopo. Tarakimu hiyo moja hubeba mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Jimbo linalokopa ili lilipe mishahara na pensheni za mwezi huu limekula akiba ya kesho, ilhali jimbo linalokopa ili lijenge bwawa litakalotumika kwa miaka hamsini linawagawia watumiaji wa baadaye sehemu ya gharama ya kitu watakachofaidi wao. Nchini India mambo haya mawili huripotiwa kando kando: nakisi ya matumizi ya kawaida hutajwa peke yake, na nakisi ya jumla hutajwa kwa kulinganishwa na pato la jimbo, ambapo kikomo cha kawaida ni asilimia 3. Jimbo linaweza kukaa chini ya kikomo hicho na bado kila rupia linayokopa ikaishia kwenye mishahara.

Watetezi wa marufuku hupenda kutaja Marekani, ambako majimbo 49 kati ya 50, Vermont ikiwa ndiyo pekee iliyobaki nje, yana sharti la namna fulani la kusawazisha bajeti. Hawasemi kwamba kwa kawaida sharti hilo huhusu mfuko mkuu wa matumizi ya kawaida, na kwamba barabara na majengo huendelea kujengwa kwa hati fungani. Hawasemi pia yaliyotokea Illinois, ambayo sharti hilo limo ndani ya katiba yake. Gavana na bunge walivutana kwa miaka miwili bila bajeti kamili, na kufikia mwishoni mwa 2017 ankara ambazo jimbo lilikuwa halijazilipa zilizidi dola bilioni 16. Fedha hizo zilikuwa mkopo kwa kila maana ya neno, isipokuwa wakopeshaji walikuwa watoa huduma ambao hawakuulizwa kama wanakubali kukopesha. California nayo, mwezi Julai 2009, iliwapa baadhi ya wadai wake hati za ahadi ya malipo mahali pa hundi. Marufuku haikuiondoa nakisi katika majimbo hayo. Iliihamishia mahali ambapo wabunge hawakuipigia kura.

Isitoshe, mapato ya jimbo huyumba kwa sababu ambazo jimbo halina mamlaka nazo, na jimbo halichapishi fedha wala halipangi thamani ya sarafu. Bei ya mafuta ilipoporomoka kuanzia 2014, majimbo mengi ya Nigeria, yanayotegemea mgawo wa kila mwezi kutoka serikali ya shirikisho, yalishindwa kulipa mishahara. Jimbo la Rio de Janeiro nchini Brazil lilitangaza janga la kifedha mwezi Juni 2016, wiki chache kabla ya Michezo ya Olimpiki. Mnataka gavana wa jimbo la namna hiyo apunguze matumizi katika mwaka ule ule ambao watu wake wanapoteza kazi?

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mtoa hoja, Rio si shahidi wako, ni shahidi wangu. Mafuta yalipokuwa na bei nzuri, mrabaha wake, yaani malipo ambayo wachimbaji huilipa serikali, ulitegemewa kubeba pensheni za watumishi wa jimbo, yaani mapato ya kupanda na kushuka yalifungwa kwenye mzigo usioshuka kamwe. Bei ilipoanguka, mzigo ulibaki pale pale. Serikali ambayo haijapewa kikomo kigumu haiweki akiba katika mwaka wa neema, kwa sababu mwaka wa neema ndio mwaka wa kuajiri na kuahidi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na kwa serikali ni kubaya zaidi, maana aliyecheza harusini siye atakayekaa matangani.

Hata huo ukuta unaoujenga kati ya mkopo wa mishahara na mkopo wa maendeleo haunishawishi. Majimbo manane ya Marekani, pamoja na eneo la Florida lililokuwa bado si jimbo, yalishindwa kulipa madeni yake mwanzoni mwa miaka ya 1840, na hayakuwa yamekopa kwa ajili ya mishahara. Yalikopa kwa ajili ya mifereji, reli na mitaji ya benki, kila mradi ukiahidiwa kuwa utajilipa wenyewe. Vikomo vya madeni vilivyoandikwa katika katiba za majimbo mengi baada ya hapo vilitokana na maumivu hayo. Mwanasiasa akijua kwamba mlango wa maendeleo uko wazi, ataupaka rangi ya maendeleo hata ununuzi wa viti vya ofisi.

Mchangiaji wa pili:

Nyote wawili mnaitazama nakisi kana kwamba huzaliwa upande wa matumizi tu. Kansas ilipunguza kodi ya mapato kwa kiwango kikubwa mwaka 2012 kwa ahadi kwamba uchumi ungekua na kuliziba pengo. Pengo halikuzibika, na mwaka 2017 bunge la jimbo lilirudisha sehemu kubwa ya kodi hizo licha ya kura ya turufu ya gavana. Sheria ya marufuku isiyosema lolote juu ya anayefuta mapato humpa huyo huyo kisingizio cha kufunga shule mwaka unaofuata.

Mtoa hoja:

Nakubali kuhusu Rio, na nakubali kwamba neno maendeleo hutumiwa vibaya. Ndiyo maana sitetei uhuru wa kukopa bila mipaka. Ninachotaka ni kikomo kikali kwenye nakisi ya matumizi ya kawaida, orodha ya miradi inayokaguliwa na mkaguzi asiyeteuliwa na gavana, na mikopo ya mashirika ya jimbo kuhesabiwa kuwa deni la jimbo. Mfano wa miaka ya 1840 una upande wa pili pia: Bunge la Marekani lilikataa kuyabeba madeni yale, na naona kukataa huko kuliwafundisha wakopeshaji tahadhari kuliko kifungu chochote cha katiba.

Ujerumani iliandika marufuku halisi. Mageuzi ya katiba ya 2009 yaliyataka majimbo yasiwe na nakisi ya kimuundo, yaani ile inayobaki hata uchumi ukiwa katika hali ya kawaida, kuanzia 2020, na mwaka huo huo janga la korona lililazimisha majimbo kutumia kifungu cha dharura. Mwezi Machi 2025 katiba ilibadilishwa tena, na sasa majimbo kwa pamoja yanaruhusiwa nakisi ya hadi asilimia 0.35 ya pato la taifa. Nchi inayosifika kwa nidhamu ya fedha imeona kwamba sifuri haishikiki.

Hoja ya mapato naikubali bila kuongeza neno. Kwa mchangiaji wa kwanza nina swali moja: katika marufuku unayoitetea, ankara iliyokaa siku 90 bila kulipwa itaandikwa safu gani?