Nzi wa matunda alikuingiaje shambani, na ulimzuiaje asisambae? Tupeane uzoefu

Wakuu, huyu Bactrocera dorsalis aliyetoka Asia na kugunduliwa Kenya mwaka 2003 bado anatutesa. Naanza na yangu.

Mimi nilimleta mwenyewe. Nilirudi safarini na mfuko wa mapera, kwa nje mazuri kabisa. Nikapasua moja: ndani limelainika kama uji, mabuu meupe yanajikunja na kuruka. Kwa kinyaa nikayatupa yote chini ya mwembe. Haukupita muda, maembe yakaanza kudondoka, kila moja na kitone kidogo kinachotoa utomvu, pale jike alipochoma kutaga. Tangu hapo tunda la safarini naliacha hukohuko.

*

Pole sana ndugu. Mimi nilifukia, ila shimo fupi. Buu akishiba hutoka kwenye tunda, hujizika sentimita chache tu na kuwa pupa; siku kumi hivi baadaye nzi anapanda juu. Kumbe nilikuwa nawatandikia kitanda! Sasa nachimba zaidi ya nusu mita, au najaza matunda kwenye mfuko mweusi wa plastiki, nafunga kwa kukaza na kuuacha kwenye jua kali. Kuokota ni kila baada ya siku mbili, hata nikiwa nimechoka.

*

Jamani, mtego usiwadanganye. Wangu wa methili eujenoli, ile dawa ya harufu ya kuvutia nzi, ulijaa nzi, nikashangilia, huku maembe yanaendelea kuoza. Bwana shamba ndiye aliyenifumbua macho: harufu ile huvuta madume tu. Jike anatafuta protini ili mayai yake yakomae, kwa hiyo nikaongeza chambo cha protini chenye sumu, napiga sehemu moja ya majani kwa kila mti. Hapo ndipo nikaona tofauti.

*

Msiwaue maji moto, wale sisimizi wa mitini! Wanang'ata wakati wa kuchuma, kweli, lakini nzi jike hukwepa kutaga kwenye tunda walilolipitia.

*

Kwangu tatizo lilikuwa mpaka. Mimi naokota, jirani haokoti, nzi wanavuka. Nilimfuata, nikampasulia embe lake mwenyewe akaona. Sasa tunaokota siku moja, pande zote mbili.

*

Asanteni wote. Aliyewahi kuvisha matunda mifuko ya karatasi, uliyafunga yakiwa na ukubwa gani? Yangu ndiyo kwanza yanatunga.