Tupeane uzoefu: uliporipoti chuki au moto chuoni, nini kilifuata?

Mama Neema, Nakuru

Ndugu zangu, hamjambo. Binti yangu anaingia chuo Kakamega mwezi ujao, na kabla sijamfungia sanduku nataka kuwasikia waliopitia. Naanza na yangu.

Mwaka 2008, vyuo vilipofunguliwa baada ya vurugu za uchaguzi, nilirudi hosteli hapa Nakuru nikiwa na mimba ya huyuhuyu Neema. Asubuhi ya tatu tukakuta mlango wetu umeandikwa kwa makaa: RUDINI KWENU. Chini yake mtu alikuwa amechora kiberiti. Januari hiyo watu walichomewa ndani ya kanisa kule Kiambaa karibu na Eldoret, na wengine ndani ya nyumba Naivasha, kwa hiyo mchoro ule haukuhitaji kuelezwa. Mwenzangu alisema tumwite msimamizi wa bweni aone kwanza. Mimi nikalowesha kitambaa nikafuta. Niliona aibu, kana kwamba kosa lilikuwa letu. Nikamwambia yaishe.

Wiki mbili baadaye godoro la mwenzangu lilichomwa likiwa limeanikwa nyuma ya bweni. Tulipoitwa ofisini, swali la kwanza lilikuwa: kulikuwa na dalili yoyote? Nikaeleza maandishi. Yako wapi? Mlango ulikuwa safi, nimeusugua mwenyewe. Wakaandika kwamba godoro lilishika moto, chanzo hakijulikani. Mwenzangu hakumaliza muhula. Huwa tunapigiana simu hadi leo, lakini mlango ule hatuutaji.

Nawaomba mlioripoti: mliripoti kwa nani, mkiwa na nini mkononi? Na moto je?

Binti Wajir

Pole sana mama. Mimi nilisoma Nakuru baada ya Al-Shabaab wa Somalia kushambulia Chuo Kikuu cha Garissa, shambulio lile la tarehe 2 Aprili 2015 lililoua watu 148. Kila Aprili ikikaribia, kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa kijana mmoja alianza: gaidi, rudi kwenu Somalia. Kwetu ni Wajir, na Wajir ni Kenya.

Soja wa geti aliniambia ni utani wa vijana. Msimamizi wa wanafunzi akataka barua, kisha barua nyingine. Nikapiga picha za skrini zote, namba na tarehe zikionekana, nikamtumia kaka yangu nakala kabla mtu hajafuta, halafu nikaenda polisi. Askari wa dawati aliniuliza jambo ambalo sikulitarajia: umetukanwa dini au asili? Akanieleza kwamba kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinahusu chuki ya kikabila, yaani rangi, uraia au asili ya mtu. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Lile "rudi kwenu Somalia" ndilo akaliandika kwanza. Nikatoka na namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi.

Niliporudi kwa msimamizi na namba ile, hakuna aliyenidai barua tena. Kesi haikufika kortini. Kijana aliomba msamaha mbele ya darasa na akaandikiwa onyo. Mimi nilikubali, mama yangu hadi leo hajakubali.

Fundi wa Kondele

Mimi ni fundi wa stima hapa Kisumu. Nimeitwa hosteli tatu zilizoungua, na mbili kati yake kisa ni kimoja. Koili ya kuchemshia maji iko ndani ya ndoo ya plastiki, stima inapotea, mwanafunzi anakwenda zake darasani na koili imebaki kwenye soketi. Stima inarudi na chumba hakina mtu. Maji yanakauka, ndoo inayeyuka, na godoro liko hapohapo. Stima ikipotea, chomoa. Mfundishe Neema hilo kabla ya mengine yote.

Akifika, atazame mtungi wa kuzimia moto. Mshale wa geji uwe kwenye kijani, na kadi ionyeshe ulikaguliwa lini. Kuna nyumba Nyamasaria niliukuta mtungi umepakwa rangi pamoja na ukuta, hata pini haivutiki. Na moto wa stima usimwagiwe maji, zimeni swichi kuu kwanza.

Komredi wa Maseno

Fundi, umenigusa. Kwetu koili ilikuwa marufuku, ukikamatwa nayo unalipa faini ya shilingi elfu mbili. Kwa hiyo shuka ya rafiki yangu iliposhika moto tulizima kwa blanketi tukanyamaza. Tuligeuza godoro upande mzima ukakaa juu. Soketi ilikuwa imekuwa nyeusi, tukaifunika kwa kalenda.

Miezi miwili baadaye soketi ileile iliwaka saa nane usiku. Tulitoka wote hai, ila mmoja wetu aliruka kutoka ghorofa ya kwanza akavunjika mguu. Alikuwa wa chumba cha jirani, hakujua lolote kuhusu kalenda. Nasema ukweli, bila faini ile tungeripoti siku ya kwanza.

Baba Chebet, Molo

Kwa heshima zote Mama Neema, mtoto akikimbilia polisi kila anapotukanwa atasoma saa ngapi? Mambo ya kabila wazazi hukaa wakazungumza yakaisha. Ukishaandika OB umetengeneza adui.

Mama Neema

Baba Chebet, nimekusikia, nami ndivyo nilivyofikiri siku ile nikiwa na kitambaa mkononi. Wazazi wazungumze, sawa. Lakini aliyechora kiberiti sikumjua. Ningekwenda kuzungumza na mzazi gani?

Omwana wa Mumias

Nawafuatilia kutoka Marekani. Huku sheria inavilazimisha vyuo vinavyopokea pesa za serikali kuu kutoa ripoti kila mwaka, mwisho tarehe 1 Oktoba. Ndani yake kuna hesabu ya uhalifu, ukiwemo wa chuki, na vyuo vyenye mabweni huhesabu pia moto uliotokea katika kila bweni na chanzo chake. Ilipitishwa mwaka 1990 na leo inaitwa kwa jina la Jeanne Clery, mwanafunzi aliyeuawa ndani ya chumba chake cha bweni katika Chuo Kikuu cha Lehigh mwaka 1986. Wazazi wake ndio waliopigania. Habari za moto ziliongezwa mwaka 2008.

Mwaka wangu wa kwanza niliandikiwa neno chafu la rangi mlangoni. Polisi wa chuo walikuja na kamera, wakapiga picha, ndipo wakaniruhusu kufuta. Aliyeandika hakupatikana. Ripoti ilipotoka nikatafuta sehemu ya mabweni ya chuo, nikaona mstari wa uharibifu wa mali kwa chuki ya rangi: 1. Nilikaa nikiitazama ile 1 muda mrefu. Ulikuwa mlango wangu.

Nyar Ahero

Mimi niliripoti mara mbili, hakuna aliyenipigia. Nikahama hosteli. Ni hayo tu.

Mzee Soja, Lurambi

Nimelinda hosteli ya mtu binafsi hapa Kakamega miaka sita. Saa nne usiku nilikuwa nafunga geti kwa kufuli, ufunguo mfukoni, kwa sababu ya wezi. Usiku mmoja nilitoka kidogo kununua chai. Kurudi, nakuta wasichana wanapiga mayowe kwenye madirisha yenye vyuma: mtungi wa gesi ulikuwa unavuja chumba cha chini. Mikono ilinitetemeka ufunguo ukaanguka gizani. Haikuwaka, Mungu mkubwa. Binti mmoja alikuwa amewakataza kugusa swichi yoyote, akafungua mlango wa chumba na madirisha, maana gesi ile ni nzito, hutuama sakafuni.

Nilipoupata ufunguo niliwaza mioto ya mabweni ya shule: Bombolulu 1998, wasichana 26 walikufa, na Kyanguli 2001, wavulana 67. Wote walinaswa na milango na vyuma. Mwongozo wa serikali wa usalama shuleni wa mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma, lakini mimi sijawahi kulinda hosteli isiyo na vyuma. Tangu usiku ule ufunguo wa pili ukaning'inia ndani, kwa msumari, kila msichana akiujua. Tajiri alinigombeza. Sikuutoa.

Mama, ukija kuangalia chumba usianze na choo. Muulize keretaka, yule mwangalizi wa nyumba, ufunguo wa usiku hukaa wapi.

Mama Neema

Mzee, nimekwenda. Jumamosi mimi na Neema tulipanda matatu alfajiri tukaona hosteli tatu. Ya kwanza mlango wa dharura upo, umezibwa na vitanda vya akiba. Ya pili mtungi hauna kadi. Ya tatu nilimuuliza keretaka swali lako, akanionyesha mfuko wake wa suruali. Nikamwambia habari ya msumari. Alisema atamuuliza mwenye nyumba.

Neema amehifadhi 999 na 112 kwenye simu, na namba yangu ya kazini. Nimemweleza pia habari ya mlango wa 2008, yote, mara ya kwanza. Aliniuliza kama mwenzangu anaweza kuongea naye. Nitampigia leo jioni.

Jumamosi ijayo narudi Lurambi kuangalia kama msumari umepigwa. Mwenye kujua hosteli yenye milango miwili inayofunguka, aniandikie hapa.